Kumtegemea Mungu kwa riziki (Shinyanga na Geita)

Kumtegemea Mungu kwa riziki ni fundisho la Kikristo kwamba Mungu aliye Baba anayajua mahitaji ya watoto wake, kuanzia chakula na mavazi hadi matibabu na ada ya shule, na kwamba Mkristo anaweza kumwomba hayo bila kuona haya na bila kutawaliwa na hofu ya kesho. Msingi wake ni Mathayo 6, ambako Yesu anawataja ndege wa angani na maua ya kondeni, pamoja na ombi la mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana. Wahubiri huongeza habari ya mana (Kutoka 16), iliyooza kwa waliojaribu kuilimbikiza, na ya mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17), ambaye unga wake haukuisha. Makala hii inahusu jinsi fundisho hilo linavyoaminiwa na kutendwa mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, mahali ambapo riziki ya familia nyingi hutegemea vitu viwili visivyo na miadi: mvua na dhahabu.

Chimbuko

Usukumani fundisho hili lililetwa na watu waliokuwa wakiliishi. Africa Inland Mission (AIM), iliyoanzishwa Marekani mwaka 1895 na Peter Cameron Scott, ilifuata njia ya Hudson Taylor, mwanzilishi wa China Inland Mission (1865). Mbele ya wote hao alikuwapo George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyelea maelfu ya yatima bila kumwomba mtu fedha. Shida zake alizipeleka kwa Mungu peke yake. Wamisionari wa AIM nao hawakuahidiwa mshahara. Mwaka 1909 walikipokea kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Victoria, kutoka kwa Waanglikana wa CMS, na kutokana na kazi hiyo likakua kanisa ambalo leo ni Africa Inland Church Tanzania (AICT), lenye Hospitali ya Kolandoto karibu na mji wa Shinyanga. Kukosa ahadi ya mshahara kuna uzito wake. Waumini wa Nassa walihubiriwa habari ya ndege wa angani na watu ambao wenyewe hawakujua matumizi ya mwezi ujao yatatoka wapi.

Kanisa Katoliki lina majimbo matatu katika eneo hili: Shinyanga (1956), Kahama (1983) na Geita (1984). Upande wa Wapentekoste, jina lisilosahaulika ni la Moses Kulola, Msukuma aliyeliongoza kanisa la EAGT (Evangelistic Assemblies of God Tanzania) hadi alipofariki mwaka 2013. Mikutano yake ya hadhara iliwazoeza watu wengi kumwomba Mungu kwa sauti, wazi, juu ya ugonjwa na njaa.

Mvua na ghala

Shinyanga ni nchi kavu, na kwa miaka mingi ilipoteza miti yake kwa kilimo cha pamba, kuni na malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986 na ukafufua desturi ya wenyeji ya ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho na miti lisiguswe hadi kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta zikarudi kuwa za kijani. Kazi hiyo haikuondoa maombi ya mvua makanisani, wala maombi hayakuwafanya watu waache kutenga ngitili.

Jikoni ni vivyo hivyo. Baada ya mavuno viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Ghala linapokaribia kwisha na mahindi ya shambani hayajakomaa, michembe huchemshwa na kuliwa pamoja na karanga au maziwa ya mgando. Mama aliyeweka akiba hiyo husali Baba Yetu asubuhi ileile anapoichota, na haoni mgongano wowote. Kutegemea kunakofundishwa hapa hakujapata kumaanisha kukaa bure. Wahubiri huwakumbusha wavivu andiko la 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile.

Machimboni

Kwa mchimbaji mdogo mambo ni magumu zaidi. Katika maduara mengi, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, kuzunguka Nyarugusu, Rwamgasa na Kahama, anayeshuka chini halipwi mshahara. Mwenye duara humpa chakula, na malipo yake ni mgao wa viroba vya mawe yakipatikana. Mawe husagwa kwenye mashine ya karasha na kuoshwa kwenye mwalo, mahali pa kuchenjulia, dhahabu hunaswa kwa zebaki, na hapo tu ndipo mtu hujua kama miezi yake mitatu ilikuwa na kitu. Wakati huo wote nyumbani wanakula kwa mkopo.

Ndani ya subira hiyo ndimo waganga wa ramli hupata wateja. Imani kwamba dhahabu hudai kafara imemwaga damu: kuanzia miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika Kanda ya Ziwa, na watoto wengi wakapelekwa kulindwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Ikumbukwe kwamba baadhi ya waliotafuta hirizi walikuwa waumini waliobatizwa. Kumtegemea Mungu kwa riziki, katika eneo hili, kuna maana ya kwanza iliyo wazi kabisa: kukataa utajiri unaonunuliwa kwa uhai wa mwingine.

Injili ya mafanikio nayo imepata nafasi. Mchimbaji huambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka kubwa, au anunue mafuta ya upako ili duara lake litoe dhahabu. Hapo ombi la mkate wa leo linageuzwa kuwa bei ya dhahabu ya kesho, na akikosa, lawama hutupiwa imani yake. Mithali 30:8, inayoomba mtu asipewe umaskini wala utajiri, haisikiki mara nyingi katika mahubiri ya namna hiyo.

Tukio la Nyangalata, wilayani Kahama, linapima mafundisho yote haya. Oktoba 2015 wachimbaji 6 walifukiwa shimoni. Siku 41 baadaye, katikati ya Novemba, 5 walitolewa wakiwa hai, wakiwa wamekula mende, vyura na mizizi. Wengi waliita muujiza, na haki yao. Lakini wa sita alifia humo. Fundisho lolote la riziki ambalo halina neno kwa familia ya huyo wa sita halifai kuhubiriwa Kahama. Januari 2017, katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, watu 15 walionaswa chini walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku chache. Waokoaji walikuwa wamewapitishia chakula kwa bomba.

Riziki kupitia watu

Makanisa ya eneo hili hukiri kwamba Mungu huruzuku zaidi kwa mikono ya watu. Wakatoliki hukutana kila wiki katika jumuiya ndogo ndogo, ambako mgonjwa na mfiwa hutajwa na mchango hukusanywa papo hapo. Kwa Walutheri na AICT, sadaka ya mavuno hunadiwa baada ya ibada: kuku, mayai, miwa, debe la mpunga. Mnunuzi hutaja bei ipitayo ya sokoni kwa makusudi, na mara nyingine humkabidhi bibi kizee kuku aliyemnunua.

Udhaifu uko kwa wageni. Mchimbaji hufuata dhahabu kutoka rashi moja, yaani machimbo mapya, hadi nyingine, na jumuiya haimjui hadi duara limwangukie. Parokia na sharika zilizo jirani na machimbo ziandike majina ya wanaoshuka chini na mahali familia zao zinapoishi, ili siku ya msiba pawe na mtu wa kupeleka unga.