Bunduki na Yowe: Habari za Ulinzi wa Mji Katika Nchi ya Wakurya

Katika nchi ya Nyamongo, wilayani Tarime, mkoa wa Mara, kuna mahali paitwapo Nyangoto. Kusini hupita mto Mara, na ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti. Kaskazini ni mpaka wa Kenya. Wenyeji wake ni Wakurya, watu wa ng'ombe na jembe. Dunia imezisikia habari za nchi hii kwa ajili ya dhahabu, maana mgodi mkubwa ulianza kazi huko mwaka 2002. Lakini kabla ya mgodi, na hata baada yake, hazina ya mwenye mji ilikuwa zizini. Zizi ndilo lililomletea swali gumu la usiku: wezi wakija, ni nini kitakachowazuia? Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1979, jibu moja lilisogea karibu na mikono ya watu wengi, nalo ni bunduki. Kama jibu hilo lilikuwa jema au baya, historia ya nchi yenyewe yaweza kulipima.

Hapo kale Wakurya waliishi kwa koo, na kila ukoo ulikuwa na nchi yake. Ng'ombe alikuwa zaidi ya mali. Mahari ya binti iliingia katika nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao hao ndugu yake wa tumbo moja alioa. Aliyenyang'anywa ng'ombe, basi, alinyang'anywa na mke wa mwanawe na wajukuu ambao hawajazaliwa. Vijana wa ukoo mmoja waliuvamia ukoo mwingine kwa mishale, mikuki na ngao. Watu walikufa, wala haifai kuzisifu zama hizo kana kwamba zilikuwa za amani. Walakini ulinzi wa zama hizo ulikuwa na sifa moja: haukuwezekana kwa mtu mmoja. Upinde wa mzee mmoja haukuweza kuwarudisha vijana ishirini. Silaha yake kubwa ilikuwa yowe. Aliyesikia yowe akabaki kitandani alijua kwamba siku yake ikifika, naye atalia peke yake.

Kisha wakaja wakoloni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka pwani kwenda Ziwa Viktoria, na Wakurya wakajikuta wengine upande huu na wengine upande ule. Mpaka ulikusudiwa kutenga, lakini kwa mwizi uligeuka kuwa mlango: ng'ombe akiisha kuvushwa, mwenye mali hana serikali ya kumfuatia. Tena kadiri fedha na maduka ya nyama yalivyozidi, ng'ombe wa wizi hakulipa mahari tu. Aliuzwa, akachinjwa, na alama yake ikapotea pamoja na ngozi yake.

Kuhusu bunduki, mataifa ya Ulaya yalipatana huko Brussels mwaka 1890 kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Katika Tanganyika mwananchi aliyetaka silaha alipaswa kuwa na kibali, na aghalabu alichoruhusiwa ni gobori la kuwindia na kufukuzia wanyama shambani. Vijana wengi wa Kikurya waliingia katika jeshi la King's African Rifles, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakajifunza kutumia bunduki kwa ustadi. Baada ya uhuru Wakurya waliendelea kuwa wengi jeshini kupita kiasi cha idadi yao nchini. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wafundishwe ulinzi, na mgambo ukaenea vijijini. Hivyo ujuzi wa bunduki ulifika katika miji ya Wakurya zamani kuliko bunduki zenyewe.

Zenyewe zilifuata. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania ilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Vita vilipokwisha, silaha za kivita zilivuja kutoka Uganda, na baadhi yake zilifika Mara. Wizi wa mifugo ukabadilika sura. Mshale huenda hatua chache; risasi huenda mbali, tena hupiga gizani mtu asiyeonekana. Kundi dogo likaweza kufanya kazi iliyohitaji kikosi.

Katika hali hiyo, mwenye mji aliyetamani bunduki hakuwa mjinga wala mwovu. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kituo cha polisi kiko mbali. Barabara hazipitiki wakati wa mvua. Wezi wanayo bunduki, na majirani waliokuwa wakikimbilia yowe sasa wanaogopa, na hofu yao ni ya haki. Amwachie mwizi zizi, na pamoja na zizi mahari ya mwanawe? Wahenga walisema akiba haiozi. Bunduki ikikaa darini miaka kumi bila kulia, mwenyewe ataona kwamba haikumgharimu kitu, na usiku mmoja yaweza kulipa yote.

Lakini akiba hii ina tabia ambayo mtama wa ghalani hauna. Kwanza, nayo huibwa. Mwizi aliyejua kwamba mji fulani una silaha alipata sababu ya pili ya kuuendea, na sababu ya kupiga kwanza. Pili, bunduki haimjui aliyeinunua. Mwana aliyeonyeshwa namna ya kuulinda mji ameonyeshwa pia namna ya kuuvamia mji wa mwenzake. Na katika nchi ambamo kijana hukosa mke kwa kukosa ng'ombe, mafunzo hayo hayakai bure. Ugomvi wa ndugu, ulevi, wivu wa nyumbani, mambo yaliyokuwa yakiishia katika fimbo na faini ya wazee, yakikutana na risasi huishia kaburini. Tatu, na hili ndilo kubwa, jirani huona. Mji mmoja ukipata bunduki, mji wa pili hulala ukiwa dhaifu zaidi kuliko jana, ingawa hapana aliyeutenda neno. Nao hutafuta ya kwake. Mwisho wote wanazo, wala hapana aliye salama kuliko alivyokuwa mwanzo. Ila sasa kila kosa ni la mauti.

Habari za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, zinaonyesha jambo hilo kwa kipimo kikubwa. Mwaka huo huo wa 1979 askari wa Amin waliikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramojong wakachukua bunduki zilizoachwa ghalani. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa vita. Serikali ya Uganda ilipoanza kukusanya silaha mwaka 2001, Wabokora waliosalimisha za kwao walivamiwa na jirani zao waliokuwa bado wanazo. Somo lake lina makali pande mbili. Bunduki nyingi hazikuleta usalama. Lakini aliyeiweka chini peke yake, bila mwingine wa kumlinda, aliadhibiwa kwa utii wake. Kwa hiyo si haki kumwambia mwenye mji kwamba shauri hili ni la dhamiri yake tu. Hawezi kuliamua sawasawa peke yake, kwa sababu nusu ya jibu imo katika nyumba ya jirani.

Tanzania ilipata kujaribu njia nyingine. Miaka ya 1981 na 1982, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, watu waliochoshwa na wizi wa mifugo walianzisha sungusungu. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na filimbi ya kuitana. Nguvu yao ilikuwa kiapo cha kuitikia. Mwaka 1989 sheria iliwapa mamlaka kama ya mgambo, na miaka ya 1990 utaratibu huo ulifika kwa Wakurya, ambao tangu kale walikuwa na baraza lao la hadhara, iritongo. Palepale wizi ulipungua kwa muda. Haifai kuficha ubaya wake: walioshukiwa walipigwa, wengine waliuawa bila hukumu, na mahali pengine rushwa iliingia kati ya walinzi na wezi. Hata hivyo sungusungu ilithibitisha neno moja lililokuwa linasahauliwa, ya kuwa yowe likipata waitikaji laweza kufanya kazi ambayo bunduki iliahidi na haikuitimiza.

Sheria nayo imesema. Ile ya mwaka 1991 na ile ya mwaka 2015 iliyoshika mahali pake zinamruhusu raia kumiliki bunduki kwa leseni, baada ya kuchunguzwa. Asiye na leseni hushtakiwa pamoja na wahujumu uchumi. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi wa Septemba kila mwaka uwe wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilitoa nafasi hiyo Septemba na Oktoba. Aliyepeleka silaha yake hakuulizwa aliipata wapi.

Msamaha huo ni mwema, lakini haujibu lile swali la usiku. Mtu wa Nyangoto anayefukua bunduki iliyozikwa na marehemu baba yake, akaitia katika gunia na kuipeleka kituoni, hurudi nyumbani mikono mitupu, na jioni hulifunga zizi kama kawaida. Ameitimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni ya polisi ambao lazima wafike upesi waitwapo, ya mahakama ambayo lazima imshike mwizi na mnunuzi wa mali ya wizi pia, na ya jirani ambaye lazima aamke. Hao wote wakitimiza wajibu wao, bunduki nyumbani itakuwa mzigo usio na faida. Wasipoutimiza, mwana wa mtu yule atainunua nyingine, wala hapatakuwa na mwenye haki ya kustaajabu.