Mwenye Nyumba Aliyerudi Kupanga

Mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 ndio ulioileta Jumuiya ya Afrika Mashariki Arusha. Kwa ajili ya makao makuu hayo Kenya, Uganda na Tanzania zikajenga mabawa matatu, ambayo leo huitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, pamoja na ukumbi mkubwa wa Simba. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mali zake ziligombaniwa kwa miaka saba, mpaka msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alipozifikisha nchi tatu kwenye makubaliano ya tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ndege na mabehewa yalishikwa na aliyeyawahi. Jengo lilibaki pale pale, chini ya Mlima Meru.

Serikali ya Tanzania haikungoja mgawo huo. Mwaka 1978 iliunda shirika la umma, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, ambacho mjini kila mtu anakiita AICC. Kikapewa kumbi, ofisi na nyumba za kupangisha; baadaye kikawa na hospitali pia. Wako wakazi wa Arusha ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa Simba, lakini AICC wanaijua vizuri kwa kodi ya nyumba. Na kwa maoni yangu kodi ndiyo iliyokiweka hai kituo hiki. Mkutano huja siku tatu, wajumbe wakala, wakapiga picha, wakaondoka, na ukumbi unaweza kukaa mtupu wiki nzima huku umeme na walinzi wakihitaji kulipwa. Mpangaji wa ofisi hulipa hata siku ambayo hakuna kikao.

Mpangaji mkubwa kuliko wote alikuja kwa msiba. Februari 1995 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliichagua Arusha kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Ulikuwa mji ule ule ambamo serikali ya Rwanda ya Rais Habyarimana na waasi wa RPF walitia saini mkataba wa amani tarehe 4 Agosti 1993, miezi minane kabla ya mauaji ya kimbari. Ndani ya kituo vikajengwa vyumba vya mahakama. Msikilizaji alikaa upande wa pili wa kioo, vipokea sauti masikioni, akichagua lugha. Shahidi aliyelindwa alifichwa nyuma ya pazia na kutajwa kwa herufi tu. Katika kesi za mwanzo, maneno yake ya Kinyarwanda yalitafsiriwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, ndipo yamfikie kila jaji. Jibu la neno moja liliweza kusubiriwa na chumba kizima. Tarehe 2 Septemba 1998 ilisomwa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba: mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kwa ubakaji kuhesabiwa kuwa sehemu ya kosa hilo.

Wakati kesi zikiendelea, Warundi nao walikuwa mjini wakijadiliana kuhusu amani ya nchi yao, kwanza mbele ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mbele ya Mandela. Walitia saini makubaliano tarehe 28 Agosti 2000. Bill Clinton, aliyeshuhudia, akaifananisha Arusha na Geneva, na mji haujaacha kujisifia hilo.

Katikati ya hayo, Jumuiya ikarudi. Sekretarieti ya ushirikiano mpya ilianza kazi Machi 1996, na mkataba wa kuifufua Jumuiya ukatiwa saini tarehe 30 Novemba 1999. Ofisi zake zikawa wapi? AICC, kwa kupanga, katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya ile ya zamani. Ilikaa hapo hadi ilipopata jengo lake, lililojengwa kwa msaada wa Ujerumani na kuzinduliwa Novemba 2012. Mahakama ya Rwanda ilifunga milango tarehe 31 Desemba 2015, na taasisi iliyorithi kazi zake ikahamia Lakilaki, nje kidogo ya mji. Wapangaji wawili wakubwa wakawa wameondoka ndani ya miaka michache.

Shirika lilikuwa limekwisha kupata kazi nyingine Dar es Salaam: kukiendesha Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Machi 2013 wakati wa ziara ya Xi Jinping.

Upande wa michezo Arusha ilichukua njia nyingine. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kama viwanja vingi vya mikoani, uko mikononi mwa CCM, si mwa shirika la umma. Sasa serikali inajenga uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, itakayoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda: nchi zile zile tatu. Mechi za mashindano hayo zitakwisha kwa wiki chache. Nyasi zitahitaji maji mwaka mzima, na jirani yake mjini, AICC, ana uzoefu wa karibu nusu karne wa kutafuta mpangaji.