Tufaha la Mary Ann, jina la Bwana Bramley

Chukua tufaha moja, lolote lile, toa mbegu zake tano uzipande zote. Mambo yakienda vizuri, baada ya miaka kadhaa utakuwa na mitufaha mitano, na hakuna hata mmoja utakaozaa tunda kama lile ulilokula. Mmoja utakupa vitunda vidogo vichungu, mwingine matunda makavu ya kuwapa ng'ombe, wa tatu pengine kitu cha kawaida tu. Sababu ni kwamba mtufaha kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe. Unataka chavua ya mtufaha wa aina nyingine. Kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na karata zinachanganywa upya kila msimu. Kupata mti mzuri kwa kupanda mbegu ni bahati nasibu kabisa.

Leo tumzungumzie mtu aliyeshinda bahati nasibu hiyo na hakuwahi kujua kwamba ameshinda.

Tuko Uingereza, kwenye mji mdogo wa Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809. Inasimuliwa kwamba msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alitia mbegu za tufaha kwenye chungu cha maua. Zikaota, na mche mmoja ukahamishiwa bustanini nyuma ya nyumba. Miaka michache baadaye Mary Ann akaolewa, akahama, mti ukabaki. Alifariki mwaka 1852, kabla tufaha hilo halijapewa jina lolote.

Mwaka 1846 nyumba ilinunuliwa na mwenye bucha, Matthew Bramley. Bustani ilikuja pamoja na nyumba, na mti ulikuja pamoja na bustani. Ndipo mwaka 1856 akatokea kijana wa miaka 17, Henry Merryweather, mtoto wa familia ya wauza miche. Alikuwa ameyaona matufaha makubwa ya kijani ya mti ule, akataka kujua yametoka wapi, akafuatilia hadi mlangoni kwa Bramley kuomba vijiti vya kubebesha. Bramley alikubali, ila kwa sharti moja: tufaha hilo liitwe kwa jina lake.

Basi. Aliyepanda hakutajwa, aliyenunua nyumba akaingia kwenye historia. Sisemi Bramley alikuwa mtu mbaya. Angeweza kuukata mti ule kupata kuni na leo tusingekuwa na la kuzungumza. Lakini ukisoma historia za mazao mengi utaona mtindo huu unajirudia: jina hukaa kwa mwenye ardhi au mwenye daftari, na mikono iliyopanda husahaulika, hasa ikiwa ni ya mwanamke.

Daftari lilikuwa la Merryweather. Mauzo ya kwanza ya tufaha hilo yaliyoandikwa humo ni ya tarehe 31 Oktoba 1862. Mwaka 1876 alilipeleka mbele ya kamati ya matunda ya Shirika la Kifalme la Bustani la Uingereza, likasifiwa sana, na kuanzia hapo likasambaa. Mwaka 1884 miche yake ilifika Armagh, Ireland ya Kaskazini, ambako hadi leo ni zao la kujivunia. Tangu 2012 jina "Bramley ya Armagh" linalindwa kisheria, yaani huwezi kulitumia kwa matufaha yaliyolimwa kwingine.

Sasa tufike kwenye sayansi. Vile vijiti alivyokata Merryweather vilifanya kazi gani? Ukiwahi kuona embe, chungwa au korosho la kubebesha unajua tayari: unachukua kijiti chenye macho kutoka mti unaoupenda, unakifunga kwenye shina changa la mti mwingine wa jamii hiyohiyo, vidonda vinaungana, na juu unaota uleule mti wa kwanza. Huo mti wa juu si mtoto wa mti mama. Ni mti mama wenyewe, umeendelea mahali pengine. Kwa hiyo mtu anayenunua mche wa Bramley wa miaka 2 leo anaweka bustanini mwake mwili ulioanza kuishi zaidi ya miaka 200 iliyopita kwenye chungu cha Mary Ann.

Na Bramley inategemea njia hii kuliko mitufaha mingine. Mitufaha mingi ina kromosomu 34, seti mbili za 17: moja ya mama, moja ya baba. Bramley ina 51. Seti tatu! Wakati wa kutengenezwa kwa ile mbegu, mzazi mmoja alishindwa kugawa kromosomu zake nusu kwa nusu, akatoa zote. Matokeo yake ni mti wenye nguvu, majani mapana na matunda makubwa, ila unaoyumba kwenye uzazi. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa kwa mbili, hivyo chavua yake karibu haifai kitu na mbegu zake nyingi hazina maana. Bila mtu mwenye kisu na kamba ya kufungia, ukoo wa Bramley unaishia hapo.

Kama umekulia Bukoba au Uganda, hili si geni hata kidogo. Ndizi za kupika za nyanda za juu, zile za matoke, nazo zina seti tatu: kromosomu 33, tatu mara 11. Nazo hazizai kwa mbegu. Bibi anamkatia mkwe chipukizi, mkwe anapanda, shamba jipya linaanza na mgomba uleule. Raha yake ni kwamba ladha haibadiliki vizazi na vizazi. Hatari yake ni ileile: shamba lote ni mwili mmoja. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Uganda mwaka 2001, kisha ukavuka hadi Kagera, haukukuta mgomba wa tabia tofauti ndani ya shamba la kuuzuia. Bramley nayo ina udhaifu wake, ukiwemo ugonjwa wa ukurutu wa matufaha unaotia madoa meusi kwenye majani na matunda, na udhaifu huo umo kwenye kila bustani yenye Bramley.

Wanaoipanda nyumbani Uingereza hukutana na hizi seti tatu kwa njia ya vitendo. Mti mmoja peke yake hauzai vizuri. Ukileta wa pili uuchavushe, huo wa pili hautapata chavua ya maana kutoka kwa Bramley, kwa hiyo unahitaji wa tatu. Wengi huokolewa na mitufaha ya majirani na nyuki wasiojali uzio. Halafu kuna ukubwa. Zamani Bramley ilijaza bustani nzima. Leo inabebeshwa kwenye mashina ya kudumaza yaliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, kilichoanza mwaka 1913. Shina la M27 linaufanya mti uwe wa kimo cha mtu hivi, M25 linauacha upande juu zaidi ya paa la banda. Kosa la wengi ni kwenye kupogoa: Bramley huzaa sana kwenye ncha za matawi, sasa ukizikata zote ili mti upendeze, umekata na pai ya mwaka kesho.

Kabla hujaagiza mche: mti huu unahitaji majira marefu ya baridi ili macho yake yaamke. Matufaha ya Njombe na Lushoto hutegemea aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli. Bramley huku kwetu itakupa kivuli tu.

Jikoni ndiko inakopendwa. Ukiling'ata bichi utakunja uso kama umeng'ata embe changa. Lina asidi nyingi na sukari kidogo, na hiyo ndiyo faida yake: tufaha tamu la kula likipikwa hupoteza ukali wote na kubaki uji mtamu usio na mwelekeo, wakati Bramley hubaki na ladha yake. Tena nyama yake haishikamani kama vipande. Ikipata moto inafumuka na kuwa povu laini ndani ya dakika chache. Waingereza huitia kwenye pai, kwenye mchuzi mzito wa kula na nguruwe, au hulitoboa moyo, wakajaza zabibu kavu na sukari na kulioka zima. Sukari unaipima mwenyewe.

Mavuno ni Oktoba. Kila tufaha hufungwa kwenye gazeti na kupangwa mahali pa giza na baridi bila kugusana, na linaweza kukaa hadi Machi. Sisi tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa matufaha hiyo ni kemia, maana tunda linaloharibika hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva kwa majirani zake.

Na mti wenyewe wa Southwell? Dhoruba iliuangusha mwaka 1900, ukachipua tena kutoka palepale ulipolala. Sasa una ugonjwa wa kuvu aina ya Armillaria, unaokula mizizi na shina, na ambao hauna dawa. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichukua vipande vya machipukizi yake wakavikuza kwenye chupa za maabara, kama inavyofanywa kwa migomba ya tishu, na miti iliyotoka humo ikapandwa. Mwaka 2018 nyumba na bustani viliingia chini ya chuo kingine, Nottingham Trent, ambacho hakikujaribu kuuponya. Kazi yao ilikuwa kuupunguzia msongo tu: kuondoa matawi yaliyokufa na kuulinda usikanyagwe mizizi. Mtu anaweza kuuliza, kama nakala zake zimejaa nchi nzima, mti mmoja mgonjwa una thamani gani? Kwa jikoni, hakuna. Lakini nakala zote zinasoma Bramley, na huo ndio mti pekee ambao Mary Ann aliugusa kwa mkono wake.