Furaha ya Sikukuu, na Mambo Yaliyopita Rabai



Katika mikutano yetu ya mwaka huu lilizuka neno ambalo hatukulimaliza. Baadhi ya wanachama walisema kwamba fedha zitumikazo kwa karamu ya Krismasi zingefaa kutiwa katika mfuko wa karo na wa maziko, kwa maana dini ni ibada, wala si kula na kuimba. Wengine walijibu kwamba chama kisichofurahi pamoja hakitaweza kulia pamoja. Maneno yote mawili yana uzito. Kwa hiyo tumeona vema, kabla ya kuwaleteeni hesabu, tutazame nyuma tuone furaha ilikuwa na mahali gani katika Ukristo wa nchi yetu.

Misioni za karne ya 19 hazikuanza kwa vigelegele. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka uo huo Rosina alifariki, na kitoto chao kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, nao wawili wakapanda kwenda kukaa Rabai. Mavuno yao yalikuwa machache mno; mmojawapo wa waumini wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa katika ugonjwa wa kufa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kwa mapatano soko la watumwa lifungwe, na mwaka 1875 Church Missionary Society wakaanzisha Freretown, karibu na Mombasa, ili kuwapokea watumwa waliookolewa. Kengele iliyotundikwa pale iliwaita watu kusali, na tena iliwaonya hatari ilipokaribia. Hata leo mahali pale huitwa Kengeleni.

Katika watumishi wa Rabai alikuwako William Jones, Myao, aliyetekwa angali mtoto, akakombolewa na kulelewa Bara Hindi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimtia katika daraja ya ushemasi, kisha wakafunga safari ya kwenda Uganda. Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara Kwa Sundu, ndiko Mumias ya leo, akatangulia na watu wapatao 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga, na wengi wa wenzake wakauawa pia. Jones akawarudisha waliobaki hata pwani. Walipoingia Rabai mwanzoni mwa 1886, walichukua bendera yenye neno moja tu: Ikabodi. Ndilo jina la yule mtoto wa kitabu cha Samweli, aliyezaliwa siku utukufu ulipowatoka Israeli.

Wazee wetu, haikutimia miaka mitatu tangu bendera ile, na watu wa Rabai wakaona jambo jingine. Watoro wengi wa mashamba ya pwani walikuwa wamekimbilia misioni, wakalima, wakaoa na kuzaa; lakini kwa sheria ya wakati ule walikuwa bado mali ya watu. Mabwana zao waliwadai, na ugomvi ukawa mkubwa. Ndipo George Mackenzie, wa kampuni ya Imperial British East Africa, alipopatana nao walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, zikatolewa hati za uhuru. Waliokombolewa kwa mapatano yale walizidi 1,400.

Na tuifikiri siku ile. Mtu aliamka mtoro, akalala huru. Mama alijua kwamba mtoto aliye mgongoni mwake hawezi tena kudaiwa na mtu. Ni nani angethubutu kumwambia mama huyo kwamba kuimba ni kupoteza wakati? Hapo twajifunza kwamba furaha ya Mkristo si furaha ya mtu asiyejua msiba. Mji ule ule ulioipokea Ikabodi ndio ulioshuhudia hati zile.

Tena na tukumbuke kwamba siku ile haikuwa mwisho wa taabu. Pwani yetu haikuondolewa utumwa kisheria mpaka mwaka 1907. Je, ingekuwa haki kuwaambia watu wa Rabai wangoje miaka 18, mpaka mtumwa wa mwisho awe huru, ndipo washukuru? Atakayengoja shida zote ziishe hatashukuru kamwe.

Lakini wenzetu waliotaka fedha ziwekwe nao wana haki yao. Katika kitabu cha Nehemia, watu walipolia kwa kusikia torati, waliambiwa waende wale vinono na kunywa vitamu. Ila waliagizwa vilevile wawapelekee sehemu wale wasiokuwa na kitu. Karamu isiyopeleka sehemu ni shibe tu.

Basi maoni yetu ni haya. Karamu ya Krismasi idumu, lakini chama kisiingie deni kwa ajili yake, wala asidharauliwe mwanachama asiyeweza kuchanga. Kabla ya sahani ya kwanza kuletwa mezani, sehemu za wajane, wagonjwa na wazee wasioweza kutembea zitolewe na kupelekwa nyumbani kwao. Wachukuzi wawe vijana wetu, wapate kujua kwamba kupeleka chakula kile ni sehemu ya sikukuu yenyewe. Kisha tuketi, tule, na tuimbe kwa sauti kuu.

Nanyi, wazee wetu, mkitupa idhini yenu katika mkutano mkuu, ndivyo tutakavyofanya. Mungu awabariki nyote.