Gemu za Mpira katika Vibanda vya Barabara ya Webuye–Kitale

Kibanda cha gemu ni biashara ya chumba kimoja: televisheni moja au mbili, mashine ya PlayStation, padi nne ambazo kwa kawaida mbili ndizo nzima, na benchi la mbao. Katika magharibi mwa Kenya biashara hii ilikita kwenye vituo vya barabarani kama Kamukuywa, soko lililo kwenye barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma, mahali inapochepuka njia ya kupanda Kaptama na Kapsokwony huko Mlima Elgon. Kituo cha namna hiyo kina kila linalohitajika: stima, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, wanafunzi wanaotoka shule na watu waliokuja sokoni wakiwa na chenji mfukoni.

Gemu zilikuta mahali palipokwisha kutayarishwa. Kabla yake vilikuwepo vibanda vya video, ambamo filamu za mapigano za Hong Kong, India na Marekani zilionyeshwa zikiwa na masimulizi ya Kiswahili cha mtaani, hasa ya DJ Afro, aliyewabatiza waigizaji majina na kuwatia maneno ambayo mtunzi wa filamu hakuyaota. Wenye vibanda walikuwa na televisheni, mabenchi na wateja. Mashine ya gemu iliongeza jambo moja tu: mteja aliacha kutazama akaanza kushindana.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwezi Desemba 1994, na PlayStation 2 mwaka 2000. Hiyo ya pili ndiyo iliyojenga biashara hii. Iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na kwa sababu hiyo mitumba yake ilijaa kila soko. Ilikuwa ngumu kufa, vipuri vyake vilipatikana, na fundi aliweza kuichipu, yaani kuifunga kidude kinachoiruhusu kusoma diski za kuchoma. Diski halisi ilikuwa bei ambayo kibanda cha kijijini kisingeirudisha kwa miezi. Ya kuchoma ilitoka Nairobi kwa pesa kidogo. Bila uharamia huo historia hii isingekuwepo, na si haki kuisimulia kana kwamba ulikuwa jambo la pembeni.

Sheria za kibanda zilifanana karibu kila mahali. Mechi ililipiwa shilingi 10 au 20, nusu moja ikiwa dakika chache tu ili foleni isogee. Aliyefungwa alilipa na kuachia padi. Mshindi alibaki akimngoja mwingine. Kwa mpango huo mchezaji hodari aliweza kukaa saa nzima bila kutoa hata ndururu, na mwenye kibanda hakupungukiwa na kitu. Ndiyo maana gemu za mpira zilitawala. GTA: San Andreas ya mwaka 2004 ilipendwa mno, lakini ni gemu ya mtu mmoja mwenye muda mrefu, na ilibidi ilipiwe kwa saa. Gemu za ngumi kama Tekken na Mortal Kombat zilikaa katikati: raundi fupi, ubishi mwingi.

Mpira wenyewe ulikuwa na koo mbili. EA Sports ilitoa FIFA International Soccer mwishoni mwa 1993, na Konami ikaanzisha Winning Eleven mwaka 1995, ambayo baadaye ilijulikana nje ya Japani kama Pro Evolution Soccer. FIFA ilikuwa na leseni: majina halisi, jezi halisi, nembo za ligi. Konami ilikuwa nazo chache, kwa hiyo ikawekeza kwenye uchezaji: uzito wa mpira, pasi ya kupenyeza, tofauti ya mwili wa mchezaji mmoja na mwingine. Miaka ya PlayStation 2 ndiyo iliyokuwa na ubunifu mwingi zaidi, na sababu yake ni ushindani. Kila upande ulimwogopa mwenzake. FIFA ilibadilika kwa dhati pale tu ilipoachwa nyuma uwanjani: FIFA 10 ilileta kupiga chenga pande zote badala ya nane, na FIFA 12 ikabadilisha namna ya kukaba na namna miili inavyogongana.

Mapinduzi hayo hayakufika Kamukuywa kwa wakati wake. Yalitengenezwa kwa ajili ya PlayStation 3 na wenzake. Toleo la PlayStation 2 liliendelea kutoka kila mwaka hadi FIFA 14, likiwa na injini ile ile ya zamani, kilichobadilika kikiwa hasa vikosi na jezi. Hadithi ilijirudia kizazi kilichofuata: FIFA 17 ilihamia injini ya Frostbite na kuleta kisa cha kijana Alex Hunter, lakini si kwenye PlayStation 3, ambayo ilibaki na muundo wa kale hadi FIFA 19. Kibanda hupokea mashine mtengenezaji anapoanza kuipa mgongo. Anayelalamika katika kibanda kwamba gemu ya mwaka huu ni ya mwaka jana iliyovalishwa jezi mpya anasema kweli tupu, hata kama mhakiki wa London aliyeisifu gemu hiyo hiyo kwenye mashine mpya hakudanganya.

Pengo hilo lilizibwa na watu wasiolipwa na kampuni yoyote. Diski za Pro Evolution Soccer za PlayStation 2 zilifumuliwa na kusukwa upya na mashabiki. Bomba Patch ya Brazil ni mfano maarufu, ikiwa na timu na uhamisho wa wachezaji wa karibuni juu ya gemu ya zamani. Simu zilipozidi, kazi hiyo ikawa rahisi. Dream League Soccer ya kampuni ya Kiingereza ya First Touch Games iliruhusu mchezaji kuingiza jezi na nembo atakazo, na jezi za AFC Leopards na Gor Mahia zikasambazwa mtandaoni na Wakenya wenyewe. Katika eneo la Waluhya hilo si jambo dogo: Leopards ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United. Kwenye FIFA, Mkenya alijiona kupitia wachache waliocheza Ulaya, wakiwemo ndugu wawili McDonald Mariga na Victor Wanyama, ambao baba yao, Noah Wanyama, aliichezea Leopards. Nje ya mpira pia, Bus Simulator Indonesia ya mwaka 2017 ilipakwa rangi za mabasi na matatu za Kenya na mashabiki wa humu nchini.

Kuporomoka kwa Konami kulithibitisha thamani ya mshindani. PES 2021 iliuzwa waziwazi kama nyongeza ya msimu kwa PES 2020, na eFootball 2022, iliyotolewa bure Septemba 2021, ilichekwa dunia nzima kwa sura za wachezaji zilizoharibika. EA ilibaki karibu peke yake. Tangu 2009 ilikuwa na Ultimate Team, ambamo wachezaji hupatikana kwa pakiti za bahati nasibu zinazoweza kununuliwa kwa pesa; Ubelgiji ilizipinga hadi EA ikaacha kuuza pointi zake huko mwanzoni mwa 2019. Huo ni ubunifu wa kibiashara zaidi kuliko wa uwanjani, na kibanda cha kulipia kwa mechi hakina matumizi nao, kwani unahitaji intaneti na akaunti ya mtu mmoja. Mkataba na shirikisho la FIFA ulipokwisha, gemu ilibadilishwa jina na kuwa EA Sports FC 24 mwaka 2023, na ndani ya Ultimate Team wanawake wakacheza timu moja na wanaume. Nje ya hapo, aliyeizoea FIFA 23 hakuhitaji kufundishwa upya.

Grand Theft Auto (GTA) imefuata njia nyingine: toleo la tano lilitoka 2013, miaka mitano baada ya la nne, na la sita limengojewa zaidi ya mwongo. Tofauti kati ya matoleo huonekana dakika ya kwanza. Mfululizo wa mpira wenye tarehe ya kutolewa kila Septemba haupati nafasi hiyo, na hautaipata mradi jezi mpya peke yake inatosha kuuza diski.