Picha na Jina Lake: Habari za Wapiga Picha wa Ridhaa na Nchi ya Mara

Kenyamonta ni kata ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, katika nchi ya Wangoreme. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji. Upande wa mashariki, si mbali na mashamba yao, zinaanzia mbuga za Hifadhi ya Serengeti, ambazo hapana shaka zimepigwa picha kuliko sehemu nyingi za Afrika. Nyumbu avukaye Mto Mara, simba aliyelala juu ya jabali, mgunga mmoja uliosimama peke yake jua likichwa: picha za namna hii zimetundikwa ukutani katika nyumba za watu wasiojua hata Mara iko upande gani wa dunia. Lakini mtu akizitafuta picha za wazee wa Ngoreme waliokuwa hai miaka mia moja iliyopita, atapata chache mno, na katika hizo chache aghalabu hataliona jina la mtu. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati tu. Ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu walioshika kamera si kwa ajili ya mshahara bali kwa mapenzi, yaani wapiga picha wa ridhaa.

Mwanzoni kazi hiyo haikuwa nyepesi. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na ulipofika pwani ya Afrika ya Mashariki ulikuwa bado ni wa mashaka. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyesafiri pamoja na John Hanning Speke, alipiga picha kisiwani Unguja. Lakini safari ilipoelekea bara aliiacha kamera, akategemea penseli na rangi za maji. Sababu si ngumu kuielewa. Siku zile picha nyingi zilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, nacho kilipaswa kusafishwa gizani papo hapo kabla dawa haijakauka. Mpiga picha alihitaji hema la giza, chupa za dawa, maji safi, na wapagazi wa kuyachukua hayo yote. John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliweza kuidumu starehe hiyo kwa kuwa alikuwa na makao na nafasi. Wengine walishindwa.

Mambo yaligeuka mwaka 1888, George Eastman wa Marekani alipoiuza kamera yake ya Kodak kwa dola 25. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa picha 100. Mnunuzi alibonyeza tu, kisha akairudisha kamera nzima kiwandani ili picha zikasafishwe. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, kijisanduku kilichouzwa dola 1. Tangu hapo maofisa wa serikali, wamisionari, walowezi na wawindaji waliokuja nchi hizi walibeba kamera kama walivyobeba mwavuli. Jioni walibandika picha katika albamu, wakaonyeshana, wakasahihishana, wakawapelekea jamaa zao ng'ambo. Mkusanyo wa Winterton, uliohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, za tangu 1860 mpaka 1960, na nyingi zimo katika albamu za aina hiyo. Bila ya watu hao wa ridhaa mwanahistoria wa leo angekuwa maskini sana.

Hata hivyo hazina hiyo ina kasoro. Katika albamu za enzi ya ukoloni, bwana aliyeketi kitini mara nyingi hutajwa kwa jina na cheo, ilhali waliosimama nyuma yake ni "mpishi", "wapagazi", au "wenyeji" tu. Si lazima kudhani kuwa kila aliyeandika hivyo alikuwa na dharau. Aliwaandikia watu wake, na jina la mpishi lisingekuwa na maana kwa mama aliye Leeds au Bremen. Jambo la kuangalia ni hili: picha ilipigwa mahali pamoja ikaenda kuzungumzwa mahali pengine, mbele ya watu wasiomjua aliyepigwa. Picha hupata maana yake katika baraza inayoitazama. Baraza ikiwa mbali, jina hufa njiani.

Wanyama nao walikuwa na baraza yao. Mwaka 1905 Mjeremani Carl Georg Schillings alitoa kitabu chenye picha za wanyama wa Afrika ya Mashariki alizozipiga usiku kwa mwanga wa baruti, na wasomaji wa Ulaya walistaajabu mno. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1959 ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari mwaka huo huo kazi ikiendelea. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na iliwavuta watu wengi kuisaidia hifadhi. Wema wake haukanushiki. Lakini pamoja na wema huo ilienea dhana ya kwamba Serengeti ilikuwa tangu hapo nchi isiyo na watu. Katika kitabu chake *Imagining Serengeti* cha mwaka 2007, Jan Bender Shetler ameonyesha kwa ushahidi wa wazee kuwa Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waikizu na majirani zao wanazikumbuka mbuga hizo kwa mahame ya wazazi wao, kwa visima na kwa mahali pa matambiko. Kilima kilekile ambacho kwa mtalii ni pambo la picha, kwa mzee chaweza kuwa ni anwani.

Pwani na mijini kamera iliingia mikononi mwa wenyeji mapema zaidi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, katika mji wa Unguja. Studio ilikuwa ni biashara, lakini ilileta badiliko kubwa: aliyepigwa picha ndiye aliyeichukua nyumbani. Sasa picha ilizungumzwa na watu wanaomjua mwenyewe. Wapiga picha wa ridhaa walilipeleka jambo hilo mbele zaidi. Katika magharibi ya Uganda, Musa Katuramu, fundi seremala na mwalimu, tangu miaka ya 1930 aliwapiga picha jamaa zake, wanafunzi na rafiki zake, si kama vielelezo vya kabila, bali kama watu anaokutana nao kila siku. Dar es Salaam, mvulana Mohamed Amin alianza na kijisanduku cha Brownie. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu. Alikufa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka karibu na Komoro. Kwa mmoja mapenzi yalibaki mapenzi. Kwa mwingine yalizaa kazi. Wote wawili walianza kwa kupenda.

Elimu ya watu kama hawa haikutoka vitabuni peke yake, maana maelekezo mengi ya mikanda yaliandikwa kwa jua la Ulaya. Nchi ya Mara haipungukiwi sana na ikweta. Haifiki nyuzi tatu kusini yake. Saa sita mchana jua huwa utosini, macho ya mtu yakazama kivulini, na paji la uso likang'aa kama bati. Tena mikanda ya rangi yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya watu wote: tangu miaka ya 1950 kadi ambazo Kodak iliwapa mafundi wa kusafisha picha ili wapimie rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Mtu mweusi aliyevaa shati jeupe aliweza kuiona shati yake katika picha, asiuone uso wake. Hivyo wapiga picha walifundishana wao kwa wao: piga asubuhi au alasiri, mweke mtu kivulini, karibu na ukuta mweupe unaorudisha mwanga, pima mwanga juu ya uso wala si juu ya nguo, usimsimamishe mtu mbele ya mbingu inayong'aa. Leo mashauri hayo hayo hupashanwa kwa simu. Kijana hutuma picha ya nduguye, na kabla ya jioni wenzake wamekwisha kumwambia kwamba mti umeota kichwani pa mtu, au kwamba angesogea hatua mbili kushoto. Hutaniana, husifiana, huulizana bei ya lenzi. Vyombo vimebadilika, baraza ni ile ile.

Mazungumzo hayo, ambayo mtu asiyeyajua angeyadhani ni porojo, yana faida kwa elimu. Mwaka 2011 Andrea Stultiens na Canon Rumanzi Griffin walianzisha kazi iitwayo History in Progress Uganda, ya kukusanya picha zilizomo katika masanduku ya watu na kuziweka wazi katika intaneti. Picha za Katuramu zimo. Picha ikiwekwa mbele ya watu wengi namna hiyo, mmoja hulitambua jengo, wa pili sare ya shule, na wa tatu akamtambua babu yake. Mara ingefaidika zaidi kwa njia hiyo, kwa sababu katika jamii zake nyingi nyakati zilihesabiwa kwa majina ya marika. Mzee akiambiwa ataje mwaka wa picha, pengine hawezi. Lakini akitaja rika la vijana waliomo, amempa mwanahistoria ufunguo wa tarehe.

Wako watakaosema kuwa picha nzuri hujieleza yenyewe, na kwamba kutaja majina ni kuwaanika watu. La pili lina haki yake. Mtu hana budi kuombwa ridhaa kabla ya kupigwa na kabla ya jina lake kutangazwa. Neno ridhaa limuhusu apigwaye kama limuhusuvyo apigaye. Lakini kuandika jina na kulitangaza si jambo moja. Jina laweza kukaa nyumbani pamoja na picha, likamngoja mjukuu. La kwanza halina nguvu. Uso husema kuwa mtu alikuwapo. Hausemi alikuwa nani, mwana wa nani, wala aliketi kijiji gani.

Hatari ya leo imegeuka. Zamani Kenyamonta ilikosa picha. Sasa inazo kwa maelfu, ndani ya simu za vijana. Picha ya karatasi ilikuwa na mgongo wa kuandikia kwa kalamu; picha ya simu haina mgongo. Simu ikivunjika au ikiibwa, harusi, mazishi na nyuso za mabibi huondoka pamoja nayo. Watu wa kale walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linalotakiwa hapa halina gharama: jina la mtu, mahali, mwaka, na jina la aliyepiga. Kijana anayemwuliza mwenzake namna ya kuushika mwanga hana budi kumwuliza na bibi yake jina la yule aliyesimama kushoto. Swali la kwanza laweza kungoja mpaka kesho, kwa kuwa jua litachomoza tena. La pili lina watu wachache wa kulijibu, nao kila mwaka wanapungua.