Muziki Uliokataliwa

Mtunzi wa muziki wa sinema ni kama mshonaji: kipimo si chake, kitambaa si chake, na mwenye nguo aweza kuikataa siku ya kuivaa. Haya yalimpata Alex North, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1910. Mwaka 1960 alikuwa amemtungia Stanley Kubrick muziki wa Spartacus. Mwishoni mwa 1967 Kubrick alimwita Uingereza amtungie wa 2001: A Space Odyssey.

Wakati huo picha zilikuwa zimekwisha kuwekewa muziki wa muda kutoka katika santuri za Richard Strauss, Johann Strauss na wengineo, wala Kubrick hakuficha kwamba angependa baadhi yake ubaki. North hakutaka kuchanganywa na watunzi wengine. Aliamini aweza kutunga kitu chenye nguvu ile ile. Kwa muda mfupi mno aliandika muziki wa dakika kama 40. Mgongo ukamshika, akapelekwa studio kwa gari la wagonjwa, na Henry Brant akaiongoza okestra badala yake. Kisha akangoja kuitwa kwa sehemu iliyobaki. Hakuitwa. Alipoketi kuitazama sinema huko New York mwaka 1968, hakusikia hata nota moja yake.

Kukataa kazi ni haki ya aliyeiagiza. Walakini kumwacha mtu aambiwe na kitambaa cha sinema, mbele ya hadhara, ni jambo lisiloweza kutetewa kwa haki hiyo. (Ligeti naye, ambaye muziki wake ulitumiwa, hakuridhika na jinsi ulivyochukuliwa.)

North alifariki mwaka 1991. Mwaka 1993 rafiki yake Jerry Goldsmith aliurekodi muziki huo na National Philharmonic Orchestra, na kampuni ya Varèse Sarabande ikautoa. Kwa mara ya kwanza wasikilizaji wakaweza kupima wenyewe kesi iliyokuwa imesikilizwa upande mmoja kwa miaka 25.

Katika mwanzo wake, kwa maoni yangu, Kubrick hakukosea. Tarumbeta na ngoma zinapanda kama zile za Strauss, na twasikia mtu anayeandika huku wimbo wa mwenziwe ukimlia masikioni. Lakini muziki wa wale nyani-watu wa kale ni jambo jingine: midundo isiyotulia, ala zinazokwaruzana, hofu ya usiku iliyo karibu na ngozi. Hapo North haigi mtu. Basi kwa nini hata huo ulitupwa? Nadhani kwa sababu wasema mengi. North atuambia viumbe wale waogopa nini. Kubrick aliwaacha karibu kimya, mtazamaji akisie mwenyewe. Ustadi haukupungua, wawili hao walikuwa wakitengeneza sinema mbili tofauti, na mmoja wao tu ndiye aliyekuwa na mkasi.

North mwenyewe hakuuzika muziki wake. Sehemu zake alizitumia tena katika The Shoes of the Fisherman, mwaka ule ule wa 1968, na katika Dragonslayer ya 1981.

Mwaka 2007 kampuni ya Intrada ilitoa kanda zenyewe za studio. Sauti ya Goldsmith ni safi na pana zaidi, na mwanafunzi atafanya vema kuanza nayo. Lakini katika kanda hizi yasikika haraka ya siku zile, na okestra inayoongozwa na Brant kwa sababu mtunzi hawezi kusimama.